Shajara ya mradi: Kuchimba ufa kwa mkaa wa umeme, kwa mashine ndogo ya TIG

Jumatatu, 9 Juni

Tela la pawatila limerudi tena. Ni mara ya tatu shingo ileile, inayoliunga tela na pawatila, inapasuka palepale, sentimita chache nyuma ya tundu la pini, na mara zote limetengenezwa kwa mtindo mmoja: piga brashi ya waya, mimina chuma juu ya ufa, paka rangi, rudisha shambani. Mwenyewe ni mzee anayesomba mpunga hapa Ifakara, na msimu wenyewe ndio huu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza bila kuzunguka: "Mwanangu, hiki chuma kimekufa au ninyi mafundi ndio hamkitibu?"

Jibu la kweli ni kwamba hatukitibu. Ufa ukifunikwa juu bila kufukuliwa hadi chini, unabaki ndani ukisubiri mzigo. Tela likipita kwenye tuta la jaruba, nguvu yote ya mtikisiko inakwenda kukusanyika kwenye ncha ya ufa ule wa zamani, na chuma kipya cha juu kinafunguka kama mshono wa gunia. Dawa ni kuchimba chuma chote cha zamani mpaka mzizi wa ufa uonekane, halafu kujaza upya kutoka chini. Grinda yangu haiingii: pande zote mbili za shingo kuna vipande vya pembetatu vya kuimarisha, na nafasi kati yao haizidi vidole vitatu. Mtungi wa oksijeni sina, na walio nao huku wanausafirisha mbali kila ukiisha.

Nilichonacho ni inveta ndogo ya TIG (mashine ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni iliyokingwa na gesi ya argoni) ya umeme wa kawaida wa nyumbani, ninayotumia kwa masufuria, matenki ya chuma cha pua na vyuma vyembamba. Nimemwomba mzee wiki tatu. Kakubali kuazima tela la jirani. Nitajaribu kuchimba kwa mkaa, yaani kijiti cha kaboni kinachoyeyusha chuma kwa arki (mwali wa umeme) huku hewa ikikipuliza nje, na ninaandika kila hatua kwa ajili ya mafundi wenye mashine kama yangu ambao nao wamechoka kufunika nyufa.

Jumanne, 10 Juni

Leo sijawasha chochote. Nimekaa na kibati cha nyuma ya mashine na kalamu.

Sote tunanunua mashine kwa namba moja, ile kubwa: 200. Lakini kibati kinasema zaidi ya hapo. Upande wa TIG kimeandika ampea 200 kwa volti 18. Upande wa vijiti vya kawaida vya kuchomelea kimeandika ampea 160 kwa volti 26.4. Namba hizi zinatoka kwenye kanuni ya kimataifa ya kupimia mashine: kwa TIG, volti za kazi ni 10 jumlisha ampea mara 0.04, kwa vijiti ni 20 jumlisha ampea mara 0.04. Piga hesabu mwenyewe, zinatoka sawasawa.

Maana yake kwetu ni kubwa. Arki ya tungsteni ni fupi na haitaki volti nyingi. Arki ya mkaa ni ndefu, na hewa ikiipuliza inataka volti 35 hadi 45, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo zile ampea 200 za TIG ni za kazi nyingine kabisa. Ukiiweka mashine upande wa TIG halafu ukadai arki ya volti 40, inakosa pumzi na arki inakatika. Lazima nitumie upande wa vijiti. Na hata huko, 160 mara 26.4 ni kama wati 4,200. Nikizigawa kwa volti 40 napata ampea 105. Hiyo ndiyo bajeti yangu halisi kama sitaki kuichosha mashine.

Vijiti vya mkaa vilivyopakwa shaba, vile vya kiwandani, vya milimita 4 vinataka ampea 90 hadi 150. Vya milimita 6.4 vinaanzia 200 na kupanda hadi 400. Basi mimi ni wa milimita 4. Anayeniambia ninunue vinene zaidi hajasoma kibati changu.

Jambo jingine la kwenye kibati: asilimia 40. Katika kila dakika 10, kwa ampea 160, mashine inafanya kazi dakika 4 na kupumzika 6, na hiyo imepimwa hewa ikiwa nyuzi 40. Feni iachwe ikizunguka wakati wa kupumzika. Kuzima swichi ili "ipoe" ni kuipika, kwa sababu joto linabaki ndani na feni imesimama.

Alhamisi, 12 Juni

Vijiti vya kiwandani lazima vitoke Dar kwa basi. Nikivisubiri, nimeanza na mkaa wa betri.

Betri kubwa za tochi na redio, zile za kawaida za bei nafuu, kila moja ina kijiti cha mkaa katikati, unene milimita 8 hivi, urefu karibu sentimita 6. Betri za alkalini usizifungue bure. Ndani yake hakuna mkaa, kuna kimsumari cha shaba tu. Nimevaa glavu, nimechana gamba la zinki kwa koleo, nikachomoa kijiti na kukifuta. Ule unga mweusi nimeufunga kwenye mfuko, maana kuku wanazunguka hapa na watoto wa jirani huja kuangalia kazi.

Kitu ambacho sikukitarajia: vijiti hivi vimelowekwa nta ili betri isivuje. Nilipowasha cha kwanza kilitoa moshi mzito wenye harufu ya mshumaa uliozimwa. Vilivyobaki nimevilaza juu ya jiko la mkaa mpaka moshi ukaisha, ndipo vikawa shwari.

Kwa jaribio hili lisilo na hewa, holda (kishikio cha kijiti) nimeiweka upande hasi na ethi (waya unaobanwa kwenye chuma) upande chanya. Mkaa ukiwa hasi joto kubwa linakwenda kwenye chuma, nao haumung'unyiki haraka. Ncha nimeichonga kama penseli. Bamba la milimita 6 nimelisimamisha wima kwenye jiliwa ili chuma kilichoyeyuka kipate njia ya kuanguka, kwa sababu bila hewa anayekata ni uzito wa chuma chenyewe. Ampea 120.

Arki iliwaka kwa mguso mmoja. Ni tulivu kuliko ya kijiti cha kuchomelea, unaweza kuivuta mpaka urefu wa kucha na bado ikakusubiri. Dimbwi likatokea, likakua, halikuanguka. Likaning'inia ukingoni kama uji mzito unaochelewa kumwagika, halafu likateremka lote kwa mkupuo na kuacha tundu. Nikasogea kwenye ukingo wa tundu, nikasubiri tena. Sentimita 5 zilinichukua zaidi ya dakika nzima. Kijiti kiliwiva chekundu mpaka mdomoni mwa holda, na plastiki ya holda ikaanza kunuka.

Njia iliyokatwa ina upana wa milimita 10 hadi 12, kingo zimejaa meno, na bamba limejikunja. Lakini limekatika, kwa takataka ya tochi ya babu na mashine ya kuchomelea masufuria. Nimefurahi sana.

Mwaka 1887 Nikolay Benardos wa Dola ya Urusi na Stanisław Olszewski, Mpolandi, walipata hataza Marekani kwa kazi ya arki ya mkaa. Hataza ya Urusi iliuita mbinu ya "kuunganisha na kutenganisha metali" kwa umeme. Tangu mwanzo kabisa kutenganisha kulikuwemo. Sisi ndio tumeshika nusu moja tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeweka tupa kwenye ukingo wa kile kipande cha Alhamisi. Katikati ya bamba tupa inakula vizuri, unga unadondoka. Ukingoni inateleza na kulia kama kwenye kioo. Mkaa umeingia kwenye chuma, na chuma kilichokula mkaa kisha kikapoa haraka kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Mtu akichomelea moja kwa moja juu ya ukingo ule, amepanda ufa mpya kwa mkono wake. Nimesaga kidogo kidogo kwa diski huku nikijaribu tupa kila baada ya muda. Ilianza kula nilipoondoa karibu milimita moja. Naandika kubwa kwenye ubao wa gereji: BAADA YA MKAA, SAGA MILIMITA MOJA, JARIBU KWA TUPA.

Jingine la leo ni waya. Kijana ninayefundisha aliona taa ya gereji inafifia kila nikiwasha arki, akadhani umeme wa mtaa ni mdogo. Tukapima. Kwenye soketi volti zilishuka kidogo. Kwenye ncha ya waya wetu wa kuvutia umeme, zilishuka nyingine kama 15 zaidi. Ni waya wa mita 30, wa milimita za mraba 2.5, na mashine ikifanya kazi hii inavuta zaidi ya ampea 30. Umeme unakwenda mita 30 na kurudi mita 30. Waya ule unakula hizo volti 15 njiani na kuzigeuza joto. Tulipougusa ulikuwa na moto, na sehemu iliyokuwa bado imeviringishwa ilikuwa karibu kulainika. Nimeazima waya wa milimita 6 za mraba na kuunyoosha wote chini. Hasara imeshuka hadi chini ya nusu, na arki ikawa imara papo hapo. Wengi wetu tunalaumu mashine wakati mwizi ni waya.

Jumatatu, 16 Juni

Suala la hewa. Bila hewa nakata kingo zinazoning'inia tu, siwezi kuchimba mfereji kwenye shingo iliyolala. Hewa ndiyo inayofukuza dimbwi kabla halijaganda.

Kompresa yangu ni ya tungi la lita 50, ya kupaka rangi na kujaza matairi. Holda ndogo za kuchimbia kwa hewa zinataka shinikizo la karibu baa 3. Zile kubwa za viwandani zinataka baa 5 hadi 7 na hewa nyingi mno. Nikianza tungi likiwa baa 8 na kuacha likifika 4, nimetumia lita 200 za hewa ya kawaida, na huku pampu inaongeza. Kwa tundu dogo napata kama dakika mbili za kupuliza. Inanitosha, maana mashine nayo inataka kupumzika.

Nilishawishika na njia ya mkato: mashine ya TIG ina valvu yake ya gesi ndani, ukibonyeza kitufe cha tochi (mkono wake wa kuchomelea) inafunguka. Kwa nini nisipitishe hewa ya kompresa humo? Nilishika spana tayari, nikaiweka chini. Hewa ya kompresa ina maji na mafuta. Vikishalowa kwenye valvu na mipira, kila kazi ya argoni itakayofuata itakuja na vitundu na masizi, na ile ndiyo kazi inayonilisha. Halafu valvu ile imetengenezwa kwa shinikizo dogo la argoni. Njia ya hewa itakuwa peke yake, nje ya mashine.

Na ile tochi ya TIG haihusiki kabisa na mradi huu. Imezungushwa, imening'inizwa ukutani.

Alhamisi, 19 Juni

Vijiti vimefika na basi la asubuhi: vya milimita 4, urefu milimita 305, vimepakwa shaba. Nilivyovishika tu nikaelewa kazi ya ile shaba. Umeme unapita kwenye ganda, kwa hiyo kijiti hakiwivi chote kama kile cha betri. Kinawaka nchani tu.

Leo na kesho ni kutengeneza holda ya hewa. Nimechukua holda ya zamani ya ampea 300, nzito, yenye taya za shaba nene. Chini ya taya nimefunga kipande cha mrija wa shaba wa friji, nimekiziba mwisho kwa kuchomelea, nikatoboa matundu mawili ya milimita 1.5 yanayotazama mbele sambamba na kijiti. Matundu lazima yawe upande wa chini wa kijiti, ili hewa ipite kati ya kijiti na chuma na kulipiga dimbwi kwa nyuma. Yakikaa juu, unapuliza arki yenyewe na kuizima. Kwenye mpira wa hewa nimeweka koki ndogo ya maji ninayoweza kuifungua kwa kidole gumba.

Kazi ya kupanga matundu yale imenichukua muda kuliko yote. Nimepuliza unga wa chaki kwenye karatasi nyeusi ili nione hewa inatua wapi. Tundu la kushoto lilikuwa limepinda nywele moja tu, na alama ya chaki ikatua pembeni kabisa ya ncha ya kijiti. Nimeziba, nimetoboa upya.

Jumamosi, 21 Juni

Mfereji wa kwanza ulikuwa aibu ya dakika tano. Arki ilirukaruka, ikipiga ukelele na kukatika, chuma kikawa kinachubuka badala ya kuchimbika. Nikaongeza ampea, nikapunguza hewa, nikabadilisha kijiti. Ndipo kijana akaniambia kwa adabu: "Kaka, holda bado ipo mainasi." Kweli. Kwa mkaa bila hewa tulikuwa hasi. Kwa mkaa wenye hewa, chuma cha kawaida kinataka kijiti kiwe chanya. Nikageuza.

Mara moja sauti ikabadilika. Sikujua kama kazi hii ina sauti yake. Ikiwa sawa inatoa mlio mmoja mrefu usiokatika, kama sufuria kubwa ya mafuta inayokaanga, mkali kupita kiasi lakini laini. Ukiusikia unakatikakatika, ama arki ni ndefu mno ama hewa imepungua. Masikio yanaongoza kuliko macho, ingawa lazima yazibwe. Kelele hii si ya kuvumilia mitupu.

Mkono unakaa hivi: kijiti kimechomoza kama sentimita 10 kutoka kwenye holda, kimelala nyuzi 40 hivi, ncha ikitazama unakokwenda. Hewa inafunguliwa kwanza, ndipo unagusa. Baada ya kuwasha hurudi nyuma kuvuta arki kama tulivyozoea. Unaibana iwe fupi, na unasonga mbele. Ukienda haraka mfereji ni wa juu juu, ukienda taratibu unazama. Upana wake unazidi unene wa kijiti kwa kama milimita 3, kwa hiyo kwa kijiti changu napata mfereji wa milimita 7. Kijiti kikigusa chuma kinaacha doa jeusi, na doa lile ni mkaa ulioingia. Lisagwe lote kabla ya jambo lolote.

Ampea 130, baa 3. Kwa sekunde 30 nimechimba sentimita 8 kwenye bamba la milimita 12, kina milimita 3. Mfereji unang'aa, wa buluu, sakafu yake duara kama ndani ya mwanzi. Nimekaa nikiutazama kwa muda mrefu.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya mapumziko, lakini lazima niandike hili. Jana jioni tulifunga saa kumi na mbili. Saa mbili usiku jirani alinipigia simu kwamba anasikia harufu ya moshi. Nyuma ya gereji kuna rundo la pumba za mpunga za mashine ya kukoboa, mita sita au saba kutoka nilipokuwa nachimba. Juu hakukuonekana kitu. Nilipoingiza reki, chini kulikuwa na kaa jekundu la ukubwa wa sahani, limekwisha kutengeneza pango lake. Pumba haziwaki kwa mwali. Zinakula moto kimyakimya kwa saa nyingi, halafu upepo ukija ni msiba.

Chuma kinachopulizwa kwa hewa hakidondoki miguuni kama cheche za kuchomelea, kinaruka kwa mstari kama risasi. Tangu leo: pipa lililopasuliwa nusu linakaa mbele ya mfereji kupokea cheche, mchanga unamwagwa, ndoo mbili za maji, na mtu anakagua pumba baada ya nusu saa na tena baada ya saa mbili. Nimeomba radhi kwa majirani wote wa upande ule, nyumba kwa nyumba.

Jumanne, 24 Juni

Mazoezi kwenye vyuma chakavu. Kwa ampea 110 kijiti kinafanya kazi ila kinataka mkono wa polepole. Kwa 130 ni pazuri. Kwa 150 kinachimba kwa nguvu, lakini baada ya vipindi vitatu taa ya njano ya joto ikawaka na mashine ikajizima kwa dakika kadhaa. Sitaipeleka tena huko. Mtindo tulioufikia: sekunde 30 hadi 40 za kuchimba, dakika moja ya kupumzika, na kijana anatazama geji ya kompresa na kunigonga begani ikifika 4.

Kioo cha kofia nimeweka namba 12. Tunafanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu moshi huu una shaba na vumbi la mkaa na unakwama kooni. Mabati ya zinki na vyuma vyenye rangi havikatwi kwa njia hii hapa kwangu.

Ijumaa, 27 Juni

Leo ni shingo yenyewe.

Kwanza kuutafuta ufa mzima. Nimesafisha rangi, nikapaka mafuta ya taa, nikaacha nusu saa yaingie, nikafuta mpaka pakauka, kisha nikapaka chaki iliyokorogwa na spiriti. Spiriti ikakauka, chuma kikawa cheupe chote. Tukasubiri. Taratibu mstari wa kijivu ukaanza kujichora kwenye weupe ule, mwembamba kama uzi, mafuta yakitoka ndani ya ufa na kulowesha chaki. Macho yalikuwa yanaona ufa wa sentimita 6. Chaki ilionyesha 9, na tawi dogo likiingia chini ya pembetatu ya kulia. Mzee alikuwepo. Alisogeza uso karibu kabisa, akafuata mstari kwa kidole bila kuugusa, akasema, "Kumbe."

Nimetoboa tundu la milimita 8 kila mwisho wa ufa ili usitembee zaidi wakati wa joto. Kisha hewa, mguso, mlio.

Tabaka la kwanza lilitoka vizuri. La pili, mlio ukabadilika ghafla na cheche zikatawanyika. Nikasimama, nikapiga brashi. Chini ya ule mlima wa chuma cha zamani mtu alikuwa amelaza kipande cha nondo ili kujaza nafasi, kisha akamimina juu yake. Nondo ilikuwa haijashikana na shingo hata kidogo. Pembeni yake kulikuwa na slagi (takataka ya kijiti inayoganda juu ya mshono) na kutu ya kahawia ambayo haikuingia leo wala jana. Mzigo wa misimu miwili ulikuwa unavutwa na ganda la juu lenye unene wa milimita 3 au 4. Inauma kuona, kwa sababu yule fundi, yeyote yule, alijua nondo iko mle.

Nimeichimba yote. Vipindi kumi na saba kwa jumla, vijiti vitano, na pale kati ya pembetatu mbili ambapo grinda haikuingia kijiti chembamba kiliingia bila shida. Hapo ndipo mradi huu wote ulipojilipa. Chini kabisa, ufa ulionekana kama mstari mweusi ndani ya chuma kinachong'aa. Nikaufuata kwa ampea 110, kidogo kidogo, mpaka mstari ukapotea. Chaki tena. Nyeupe tupu.

Jumatatu, 30 Juni

Nimesaga mfereji wote kwa kijiwe kidogo cha mkono, milimita moja kila upande, tupa ikijaribiwa sehemu kwa sehemu. Pembe moja chini ya pembetatu ilichukua saa nzima kwa sababu tupa iliendelea kuteleza. Singeondoka pale.

Nimechomelea kwa vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018, vya milimita 3.2, vilivyokaushwa, kwa mashine ileile, ampea 115, tabaka saba, kila tabaka likigongwa slagi na kupigwa brashi. Shingo niliipasha moto kwanza mpaka tone la maji likaruka juu yake, na mwishoni nikaifunika kwa majivu makavu ipoe usiku kucha.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, gereji imefungwa, nimetumia siku kujibu swali la kijana: kama inachimba, kwa nini tusikatie nayo kila kitu?

Tumejaribu bamba la milimita 10, mstari wa sentimita 20. Imekatika kwa vipindi sita, vijiti vitatu, tungi la hewa likijazwa mara tano. Ukingo unahitaji kusagwa wote. Grinda na diski moja imefanya mstari huohuo kwa dakika chache na ukingo tayari kuchomelewa. Kwa mistari iliyonyooka nimefunga mjadala. Lakini boliti iliyokufa kwenye jembe, kichwa kimeliwa na kutu, spana haishiki: nimechimba kichwa kwa sekunde 40, boliti ikagongwa na kutoka, na tundu halikuguswa. Tundu la milimita 15 kwenye bamba nene nalo linatoboka kirahisi ukisimamisha kijiti karibu wima na kukizungusha. Na kuondoa mshono mbovu bila kuharibu bamba lililo chini yake, hapo sina chombo kingine kinachoufikia mkaa.

Jumamosi, 26 Julai

Tela limebeba mpunga wiki tatu. Mzee amelileta mwenyewe kama tulivyokubaliana, bado lina matope ya Kilombero kwenye magurudumu. Hakusubiri niseme. Alikwangua rangi kwa kisu chake, akadai mafuta ya taa na chaki, akapaka yeye.

Tulikaa kwenye benchi nusu saa. Chaki imekauka nyeupe, imebaki nyeupe. Akaenda kuita mwenzake mwenye tela la aina ileile, ambalo shingo yake nimeiona kwa mbali ina mlima wa chuma palepale. Linaingia gereji Jumatatu. Nimeagiza vijiti vingine ishirini.